Hesabu ya Kupanda Newala

Tumekaa sakafuni, chumba namba sita, Chikongola.
Umeme umekatika, simu ya Somoe ndiyo taa.
Daftari ni langu, kalamu ni yangu,
nilipata B ya Hisabati, nalo likawa kosa:
nimekuwa mweka hazina wa watu wasio na hazina.

Ukutani kalenda ya duka la vitambaa, mwezi wa saba:
Himalaya, nyeupe kama sembe iliyomwagika,
na mji mdogo umeng'ang'ania mteremko
kama kupe sikioni mwa ng'ombe.
"Twende huko," alisema Nambunga siku ile.
Tulicheka hadi mlinzi akagonga dirisha.
Kisha tukaacha kucheka,
maana kila mmoja alikwisha jiona amevaa koti.

Basi tukashuka bei, tukashuka milima.
Kilimanjaro, kiingilio kikatufukuza.
Lushoto, nauli ikatufukuza.
Tukatua Newala,
ambako ukungu ni bure
na mtu wa pwani huomba sweta bila kuona haya.

Nauli elfu tisa kwenda, elfu tisa kurudi, mara saba:
laki moja na ishirini na sita.
Chikoti anasema tumlilie kondakta, sisi wanafunzi.
Naandika: huruma ya kondakta, sifuri.
Sukari, majani, mkate wa kulia Tandahimba.
Ming'oko tutapewa.
Sweta ya pili ya Somoe ilikuwa ya bibi yake,
ina kishimo cha kiberiti kifuani; atavaa Nambunga.
Blanketi tutaazima kwa mlinzi, yule yule wa dirisha.

"Na Shimo la Mungu? Kusimama ukingoni,
kuitazama Ruvuma huko chini
na Msumbiji ng'ambo yake, shilingi ngapi?"
Naandika: macho, kila mtu aje na yake.

Malazi: kwetu.
Neno moja, limeokoa laki na nusu.
Wakanipigia makofi, Likapa oyee,
nami nikainamia daftari.

Nilimpigia mama Jumapili.
"Waje," akasema, "mgeni ni baraka."
Kimya kidogo.
"Wako wangapi?"
Saba, pamoja na mimi.
Kimya tena, nikasikia pampu ya salfa ya jirani
ikinguruma mikoroshoni.
"Wanaoga mara mbili?"
Mama, hawa ni watu wa Mtwara mjini.
"Haya," akasema. "Haya, baba."

Nalijua hilo "haya".
Kisima chetu hunywa mvua ya bati,
na ikifika Julai kopo hukwaruza saruji.
Nilipokuwa mdogo maji yaliyonawisha uso
yalinawisha miguu, kisha yakaenda kwenye vitunguu,
na vitunguu havikulalamika.

Naandika: maji.
"Maji?" Chikoti akacheka. "Maji nayo bajeti?"
Ndoo mia tano. Ndoo mbili kwa siku, siku tatu.
Nijitoe mimi, najua kuoga kwa kopo.
Watu sita: elfu kumi na nane.
Hatunazo.

Hakuna aliyesema kitu.
Ndipo tukalisikia bomba la uani,
linalodondoka tangu Januari,
to, to,
sauti tuliyolala nayo hata tukasahau kwamba ni sauti.

"Tuoge huku kabla ya kuondoka," Nambunga akasema,
"tukirudi tutaoga tena."
Somoe hakucheka. "Tubebe madumu."
Manne ni ndoo nne tu, nikamwambia, hayatoshi.
"Nimesema yatatosha?"

Naandika: mzigo wa maji, kondakta, elfu nne.
Nafuta mkate wa Tandahimba.

Chikoti ametoka nje kulikaza bomba.
Amerudi, mkono umelowa,
bomba lile lile, to, to.
Akachukua dumu nyuma ya mlango,
akatoka nalo tena bila kuaga.

Sasa sauti imebadilika:
maji yanapiga plastiki tupu.
Zimebaki wiki tatu.